Umekuja kupasuliwa, unaulizwa kama unalala: maswali na majibu

Mtu akipangiwa upasuaji Mbeya, Iringa au Njombe, hujiandaa kwa kupimwa damu, presha, na pengine kupigwa picha ya kifua. Halafu anakuja muuguzi au daktari na maswali ambayo hakuyategemea: unaogopa nini, unalala saa ngapi, unakunywa, nani yuko nyumbani? Wapo wanaochukia, na wapo wanaojibu "sijambo" kwa kila kitu ili yaishe. Maelezo haya ni kwa ajili yao na kwa ndugu wanaowasindikiza.

Nimekuja kutolewa henia. Mbona naulizwa habari za mawazo? Mnaniona nimechanganyikiwa?

Hapana, hakuna anayekuandalia safari ya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Maswali hayo huulizwa watu wenye akili timamu, kwa sababu mwili unaokwenda mezani ndio huohuo unaobeba hofu.

Ukiogopa sana, mwili humwaga adrenalini, mapigo ya moyo hukimbia na presha hupanda. Mgonjwa anaweza kufika thieta na presha ya kutisha, akarudishwa wodini, na safari ya kutoka Kyela ikawa imepotea bure. Tena hofu na mawazo ya muda mrefu huchelewesha kidonda kupona. Mwaka 1995, watafiti wa Ohio, Marekani, waliwatoboa kidogo ngozi ya mkono, kidonda cha milimita 3.5 tu, wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau, na wengine 13 wasio na mzigo huo. Vidonda vya wauguzaji vilichelewa kupona kwa siku 9 hivi. Ni kundi dogo, lakini matokeo ya aina hiyo yamejirudia katika tafiti nyingine.

Swali la nyumbani kuna nani nalo si udaku. Kama unaishi kwa kupakia viazi Uyole na lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, ndiyo kazi yako, utaambiwa usinyanyue mzigo mzito kwa wiki kadhaa baada ya henia. Nani atawalisha watoto kwa wiki hizo? Ukinyamaza, utarudi kwenye magunia siku ya kumi na henia itarudi nawe. Ukisema, afisa ustawi wa jamii wa hospitali anaweza kukaa nawe mkapanga, au tarehe ikasogezwa hadi baada ya mavuno.

Kuna ushahidi kwamba kuzungumza na mgonjwa kunasaidia, au ni kubembelezana tu?

Upo, na wa zamani. Mwaka 1964 madaktari wa usingizi (wanaomlaza mgonjwa ili apasuliwe bila maumivu) wa Massachusetts General Hospital, Boston, walichapisha utafiti wa wagonjwa 97 waliofanyiwa upasuaji wa tumbo. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili lilitembelewa usiku wa kuamkia upasuaji na daktari wa usingizi akawaeleza: utaumia hapa, maumivu yatakuwa ya namna hii, hiyo ni kawaida, ukitaka kugeuka kitandani geuka hivi, vuta pumzi hivi, legeza misuli ya tumbo hivi. Hakuna dawa mpya iliyoongezwa. Kundi hilo lilihitaji karibu nusu tu ya dawa kali za maumivu, na liliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kwa siku 2.7 kwa wastani. Madaktari walioamua nani aruhusiwe hawakujua nani alikuwa kundi lipi.

Tusitie chumvi. Mwaka 2016 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 105 za namna hii, zenye wagonjwa zaidi ya 10,000. Yakaona maandalizi ya kisaikolojia huelekea kupunguza maumivu na huzuni baada ya upasuaji, na kufupisha kukaa hospitalini kwa karibu nusu siku, ila ubora wa tafiti nyingi ulikuwa mdogo. Nusu siku si miujiza. Lakini kwa huduma inayogharimu dakika kumi na kiti cha kukalia, mimi naona hospitali inayoiruka haina kisingizio kizuri. Foleni ndefu ni sababu ya kweli. Bado anaweza kufundishwa muuguzi mmoja awakusanye wagonjwa wa kesho na kuwaeleza kwa pamoja.

Ndugu wanasema hofu ni ya kawaida, nijikaze tu.

Ni kweli ni ya kawaida. Kujikaza ndiko kusikosaidia, kwa sababu aliyejikaza hasemi kinachomtisha. Mwanasaikolojia Irving Janis aliandika mwaka 1958 kwamba hofu ya kiasi humsaidia mgonjwa kujiandaa, na asiyeogopa kabisa hupata shida baadaye kama yule anayeogopa kupita kiasi. Wazo lilipendwa sana, lakini tafiti zilizofuata hazikuliunga mkono vizuri: kwa jumla, kadiri hofu inavyozidi ndivyo maumivu na usumbufu wa baadaye unavyozidi.

Nimepewa karatasi ya maswali ya kuweka alama. Nikipata nyingi nimefeli?

Hakuna kufaulu wala kufeli. Karatasi hizo ziko za aina nyingi. Mojawapo, HADS, ilitengenezwa Uingereza mwaka 1983 mahsusi kwa wagonjwa wa hospitali: maswali 14, saba ya wasiwasi na saba ya sonona (huzuni nzito isiyoisha). Kila upande una alama 0 hadi 21, na kuanzia 8 mhudumu anatakiwa akae nawe akuulize zaidi. Nyingine ni PHQ-9, yenye maswali tisa ya sonona, ambayo imetumika sana kwa Kiswahili. Iko pia ndogo ya Uholanzi, APAIS, yenye maswali sita tu: manne yanapima hofu ya kulazwa usingizi na ya upasuaji wenyewe, mawili yanauliza kama ungependa kuelezwa zaidi. Mimi naipenda hiyo ya mwisho, maana inamkumbusha anayeuliza kwamba hofu nyingi ni njaa ya maelezo.

Kuna mtego hapa ambao wahudumu wenyewe huuingia. PHQ-9 inauliza kuhusu usingizi, hamu ya kula na uchovu. Mtu mwenye uvimbe tumboni hali vizuri, halali vizuri na amechoka, kwa sababu ya uvimbe. Alama zake zitapanda hata kama moyo wake umetulia. Ndiyo maana waliotengeneza HADS waliyaacha kwa makusudi maswali ya mwili. Sawa, lakini kwetu watu wengi hawasemi "nina huzuni". Wanasema moyo unaenda mbio, kichwa kizito, mwili hauna nguvu. Ukiondoa maswali ya mwili umewafunga mdomo. Kwa hiyo karatasi haitoshi popote, lazima mtu aulize, "Hali hii ilianza lini, kabla ya uvimbe au baada?" Na mgonjwa asiyesoma asomewe, polepole, na mtu asiye ndugu yake. Binti hawezi kusema mbele ya baba mkwe kwamba anafikiria kufa. Una haki ya kuomba ndugu watoke nje kidogo.

Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, usisubiri karatasi. Mwambie mhudumu yeyote aliye karibu, siku hiyohiyo.

Kwa nini wanang'ang'ania kujua nakunywa kiasi gani? Ulanzi ni wa nyumbani tu.

Hili ndilo swali linalodanganywa kuliko yote, na ndilo linaloweza kuua. Mtu anayekunywa kila siku, iwe ulanzi, komoni au bia, ubongo wake umeshazoea pombe. Akilazwa, pombe inakatika ghafla. Saa kadhaa baadaye anaanza kutetemeka na kutoka jasho. Siku ya pili au ya tatu anaweza kuona vitu visivyokuwepo, kung'oa dripu, hata kupata degedege. Hapo mshono wa juzi unaachia, na wodi nzima inasema kaputi (dawa ya usingizi wa upasuaji) imemharibu au amerogwa. Daktari aliyejua mapema ana dawa za kuzuia hali hiyo.

Kwa hiyo taja kiasi halisi, kwa lita au vikombe, na mara ngapi kwa wiki. Usiache ghafla peke yako nyumbani kama unakunywa kila siku. Sema kliniki, mpangiwe namna. Sigara ni tofauti: iache leo, na ukiweza wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji, mapafu na kidonda vitafaidika. Dawa za presha, kifafa au za akili usizikatishe bila kuambiwa, hata kama umeshaombewa. Maombi yanatuliza mioyo ya wengi na hakuna anayeyakataza. Dawa za mitishamba zitaje pia, kwa sababu baadhi huongeza kutoka damu au hugongana na dawa za usingizi.

Bibi yetu anapasuliwa nyonga. Kwa nini wanampima kumbukumbu?

Wazee wanaweza kuchanganyikiwa kwa ghafla baada ya upasuaji: usiku anaongea na marehemu, asubuhi anamjua kila mtu, jioni anasahau tena. Kinacholeta hali hiyo mara nyingi ni maambukizi, maumivu, upungufu wa maji, dawa fulani au kukosa usingizi, na anayekuwa hatarini zaidi ni yule ambaye kumbukumbu ilishaanza kupungua kabla. Ukijua mapema unajiandaa.

Vipimo vingi vya kumbukumbu kutoka nje vinadai mtu achore saa au aandike sentensi, jambo lisilo haki kwa bibi wa Rungwe ambaye hakuwahi kushika kalamu. Kipo kipimo kinachoitwa IDEA, kilichotengenezwa na kujaribiwa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa ajili ya wazee wasiosoma: anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anakumbuka maneno aliyosomewa, anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Kama bibi anaeleza vizuri zaidi kwa Kinyakyusa, aulizwe kwa Kinyakyusa.

Nyie ndugu mna kazi. Mleteeni miwani yake. Mtu anayemfahamu akae karibu, amwambie leo ni siku gani na yuko wapi, amkumbushe kunywa maji akisharuhusiwa, na usiku amwache alale. Akibadilika ghafla, mwiteni muuguzi kabla ya mganga.

Naogopa kutoamka. Au kuamka katikati.

Kwanza uliza utapewa usingizi wa aina gani. Ukichomwa sindano ya mgongo utakuwa macho, utasikia kuguswa na kuvutwa bila maumivu makali. Wapo waliopata kiwewe kwa sababu tu hakuna aliyewaambia hivyo. Ukipewa kaputi kamili, kuamka katikati ni nadra: uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa mwaka 2014 ulikuta wagonjwa waliotoa taarifa hiyo ni takriban 1 kati ya 19,000.

Kuhusu kutoamka: utafiti wa nchi 25 za Afrika uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa zaidi ya 11,000, uliona vifo asilimia 2.1, na upasuaji uliopangwa ulikuwa salama kuliko wa dharura. Idadi kubwa ya waliofariki walifariki baada ya kutoka thieta, katika siku zilizofuata. Kwa hiyo nguvu ya hofu yako ihamishie wodini: homa, damu kuloa bandeji, pumzi kubana, vyote visemwe mara moja.

Wakigundua nina hofu au sonona, watanifuta kwenye orodha?

Mara chache sana. Kwa kawaida unaongezewa maelezo, ushauri, pengine dawa, au upasuaji usio wa haraka unasogezwa mbele kidogo. Tathmini inayoweza kusimamisha jambo kabisa ni ya anayetoa figo. Tanzania ilianza kupandikiza figo Muhimbili mwaka 2017, na mtoaji lazima aonekane peke yake, aulizwe kama ameamua mwenyewe au amesukumwa na kikao cha ukoo. Hapo kukataa ni ruhusa.

Na upasuaji wa dharura, usiku, mama anajifungua?

Hapo hakuna muda wa karatasi. Inatosha dakika moja: mtu amwite mama kwa jina, amweleze kinachofanyika na atakachosikia, na nani atampa mumewe taarifa. Tathmini yenyewe inakuja baadaye. Kama wiki mbili zimepita na bado unaota ndoto za thieta, unalia bila sababu, au humtamani mtoto, mweleze muuguzi wa kliniki, hata kama siku hiyo ulikwenda kwa ajili ya chanjo tu.