Simu ililala hivi, ikaamka vile

Jumatatu asubuhi, hata chai sijamaliza, mama mmoja mtu mzima alifika kwenye meza yangu ya ufundi simu hapa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, simu kaishika kwa ncha za vidole kama kitu kinachong'ata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie hii. Jana nimelala nayo nzima. Leo naamka, meseji hazipo, saa imehama, na yenyewe inaunguza kama pasi. Mjukuu wangu kaichezea, najua tu."

Mjukuu alikuwa na kosa, ila dogo. Usiku simu iliuliza kama isasishwe, naye akabonyeza ndiyo, akaiacha kwenye chaji. Simu ikafanya kazi yake, asubuhi ikaamka na toleo jipya la Android. Meseji zote zilikuwepo. Kilichobadilika ni ule ukurasa unaoushusha kwa kidole kutoka juu ya kioo: zamani ulikuwa mmoja, arifa na vitufe pamoja, sasa umekatwa mara mbili. Ukishusha kutoka kona ya kulia unapata vitufe, yaani waifai, tochi, bluetooth na wenzao. Ukishusha kutoka sehemu nyingine yoyote unapata arifa. Mama anaishika simu kwa mkono wa kulia, na dole gumba lake miaka yote huanzia kona ileile. Kila akishusha anakuta tochi.

"Mama, shusha kuanzia huku kushoto."

Akashusha. Arifa zikamwagika, nyingi za kikundi cha harusi kinachodai michango.

Mpango huu si mgeni duniani. Apple waliuleta na iPhone X mwaka 2017, na Samsung wakauingiza kwenye One UI 7, Android yao waliyoivisha sura yao wenyewe, iliyoanza kusambazwa Aprili 2025. Mimi binafsi nilinuna siku mbili, ya tatu kidole kikazoea, na sasa nauona una akili: arifa zimepata nafasi ya kupumua. Asiyeutaka kwenye Samsung yake halazimishwi. Shusha ule ukurasa wa vitufe, gusa alama ya kalamu, ingia kwenye mipangilio ya ukurasa huo, chagua viwe pamoja. Kazi ya sekunde ishirini. Mama sikumtoza kitu.

Lakini joto. Hilo la joto ndilo ninaloulizwa kila toleo kubwa linapotoka, na ndilo linalowafanya watu waapie kwamba sasisho limewaharibia simu.

Programu ulizoweka kwenye simu haziendeshwi vilevile zilivyoshuka kutoka Play Store. Simu huziandaa kwanza, huzitafsiri ziwe katika lugha ambayo prosesa yake inaisoma haraka, na maandalizi hayo hufuata toleo la Android lililopo. Toleo likibadilika, sehemu kubwa ya kazi ile lazima irudiwe, programu moja baada ya nyingine. Wakati huohuo Play Store nayo inavuta matoleo mapya ya programu zilezile, na ghala la picha linaweza kuanza upya kuzipanga picha zako elfu nne. Yote haya yanafanyika kimyakimya, wewe unachoona ni betri inashuka na mgongo wa simu una moto. Ni kama siku ya kwanza umehamia nyumba mpya: huko jikoni hata chumvi huijui iko wapi, kila kitu kinachukua muda mara tatu.

Kwa hiyo mimi nina kanuni yangu. Nikisasisha simu, siku tatu za kwanza siandiki chochote kuhusu betri. Naichomeka usiku, naiacha na waifai, imalize mambo yake. Siku ya nne ndiyo naanza kupima. Zile video za YouTube zinazotangaza kwamba sasisho jipya linakula betri, ukiangalia tarehe yake ni ileile ya sasisho kutoka. Mtu kapima simu iliyo katikati ya kuhama nyumba.

Wiki ikipita na joto bado lipo, hapo sasa kuna jambo. Ingia kwenye mipangilio ya betri uone ni programu gani inayokula zaidi. Mara nyingi utakuta moja tu imeng'ang'ania, na kuiondoa na kuiweka upya kunatosha. Au betri yenyewe imechoka. Sasisho halikuiua, limeifichua tu.

Na hapa naomba nikumbushe kisa cha Apple, kwa sababu ndicho kilichozaa ile dhana ya "wanazipunguza nguvu makusudi tununue mpya". Januari 2017 walitoa iOS 10.2.1, toleo la mfumo unaoendesha iPhone. Ndani yake kulikuwa na kitu ambacho hawakukieleza wazi: iPhone ikiwa na betri iliyochoka, mfumo unapunguza kasi ya prosesa ili simu isizimike ghafla. Kiufundi ni wazo zuri tu. Betri kuukuu haiwezi kutoa umeme mwingi kwa mkupuo, prosesa ikidai mwingi, simu inazima hata kama inaandika asilimia thelathini. Kosa ni ukimya. Watumiaji wenyewe ndio waliopima, wakabadilisha betri na kuona kasi inarudi, na Desemba 2017 kampuni ikakiri na kuomba radhi. Bei ya kubadilishiwa betri ikashushwa kutoka dola 79 hadi 29, na Machi 2018, kwenye iOS 11.3, ukawekwa ukurasa unaoonyesha afya ya betri. Leo huwezi kuuza iPhone iliyotumika hapa Kariakoo bila mnunuzi kuuliza "betri asilimia ngapi?". Swali hilo limetokana na aibu ile.

Turudi kwenye masasisho yenyewe. Watu wanayachanganya, na si kosa lao, maana simu zote zinaandika neno lilelile. Kuna toleo kubwa, mara moja kwa mwaka, linalobadilisha sura na namba: Android 15 kwenda 16, iOS 18 kwenda 26. Ndiyo, Apple wameruka namba saba Septemba 2025 ili zifanane na mwaka, na pamoja na namba wameleta sura ya kioo kinachopenyeza kila kitu. Siku ya kwanza niliipenda. Siku ya pili nikiwa juani nje ya duka nilishindwa kusoma maandishi kwenye kioo, na nadhani sikuwa peke yangu, maana kwenye iOS 26.1 wameongeza chaguo la kuufanya mwonekano uwe mzito zaidi. Wenye iPhone XR, na hapa mjini ni wengi, msihangaike kulitafuta: iOS 26 inaanzia iPhone 11.

Halafu kuna sasisho dogo. Halina sura, halina rangi, halipigiwi video. Linakuja na MB mia kadhaa za bando lako na baada ya kuwaka tena simu huoni tofauti yoyote, ndiyo maana watu wanalikataa. Na ndilo ambalo mimi, fundi, nalijali kuliko lile kubwa. Ni kiraka cha usalama.

Viraka hivi vilianza kutolewa kila mwezi Agosti 2015. Muda mfupi kabla, watafiti walikuwa wametangaza tundu walilolipa jina Stagefright, ndani ya sehemu ya Android inayofungua video na sauti. Mtu angeweza kukutumia video kwa MMS tu, na kwenye baadhi ya simu hata hukuhitaji kuifungua, kwa sababu simu iliiandaa yenyewe kabla hujaigusa. Mamia ya mamilioni ya simu zilikuwa na tundu hilo na hapakuwa na utaratibu wa kuzifikia. Baada ya hapo Google wakaanza kutoa orodha ya matundu na dawa zake mwezi hadi mwezi, Samsung nao wakafuata.

Kutolewa na Google, hata hivyo, si kukufikia wewe. Kiraka kinapita kwa watengenezaji wa chipu, MediaTek, Qualcomm au Unisoc, kinakwenda kwa kampuni ya simu, huko kinajaribiwa kwenye kila modeli, na baadhi ya nchi mitandao ya simu nayo inataka kukijaribu. Kampuni yenye modeli arobaini sokoni inachagua ianze na zipi, na ya bei ya chini haiwi ya kwanza. Android 8 ya mwaka 2017 ilijaribu kurahisisha njia hii kwa kutenganisha mfumo wenyewe na vipande vya mtengenezaji wa chipu. Tangu Android 10, vipande vingine vinapitia Play Store moja kwa moja bila kusubiri kampuni. Imesaidia, ila foleni bado ipo: Android 16 ilifika kwenye Pixel, simu za Google wenyewe, Juni 10, 2025, na Samsung wakaanza kuipeleka kwenye S25 mwezi Septemba. Tena hiyo ni simu yao kubwa.

Wengine wanaogopa kusasisha kwa sababu ya hadithi za simu kufa katikati. Zina ukweli, na mimi mwenyewe niliwahi kuua moja. Ilikuwa enzi tunaflashi, yaani kuiwekea simu mfumo upya kwa kompyuta, kila siku. Simu ya mteja ipo kwenye waya, mstari umefika kama robo tatu, umeme ukakatika, na kompyuta yangu ya mezani haikuwa na UPS, ile betri ya akiba. Simu ikawa jiwe. Nililipa. Lakini sasisho linaloingia lenyewe leo ni kitu kingine. Simu nyingi za sasa zina vyumba viwili vya mfumo: unatumia kimoja, sasisho linaandikwa kwenye kingine huku ukiendelea kuchati, na ukizima na kuwasha unahamia chumba kipya. Kikigoma kuwaka, simu inarudi cha zamani. Pia simu inakataa kuanza kama chaji ni ndogo. Wewe weka nakala ya picha zako na chati za WhatsApp kabla, acha nafasi ya kutosha kwenye memori, na usiizime kwa nguvu ikiwa kwenye ile skrini nyeusi yenye asilimia.

Na sasisho la kweli halitumwi kwa link kwenye kikundi. Anayekutumia faili la GB WhatsApp, ile WhatsApp iliyochakachuliwa, akiiita "toleo jipya", anakuwekea programu ambayo haijapita Play Store, na WhatsApp wenyewe wanazifungia akaunti zinazoitumia.

Sasa dukani. Wateja wanauliza kamera megapikseli ngapi, memori GB ngapi, betri ngapi. Ni mmoja katika hamsini anayeuliza simu itapata masasisho mpaka lini, na mara nyingi muuzaji hana jibu. Jibu lipo. Google waliahidi miaka saba kuanzia Pixel 8, Oktoba 2023. Samsung wakaahidi saba kwa Galaxy S24, Januari 2024, na kilichonifurahisha zaidi ni Galaxy A16, simu ya watu wa kawaida, kupewa ahadi ya miaka sita. Kwenye simu za laki mbili tatu ahadi inaweza kuwa toleo moja au mawili tu. Si lazima uikimbie simu hiyo, mfuko ndio unaoamua, ila ujue unachonunua.

Madhara ya kupitwa hayaji kwa kishindo. Huduma za pesa kwa kupiga *150*00# zitaendelea hata kwenye kitochi. Kinachoanza ni programu moja kugoma, halafu nyingine. WhatsApp iliacha Android za chini ya 5.0 Oktoba 2023, na Mei 2025 ikaziacha iPhone 5s na 6, kwa sababu zilikomea iOS 12 na WhatsApp inataka 15.1. Programu za benki huwa na masharti makali zaidi.

Wiki iliyopita kijana wa jirani yangu kaja na Galaxy S10, ile iliyotoka mwaka 2019, imeshuka na mzigo wa Dubai, haina hata mkwaruzo. "Bro, nichukue?" Nikaingia Mipangilio, Kuhusu simu, taarifa za programu. Toleo: Android 12, na ndipo ilipokomea. Chini yake tarehe ya kiraka cha usalama: mwaka 2023. Nikamwonyesha kwa kidole, nikamwambia humu usiweke programu ya benki, weka laini ya pili tu.

Akaigeuza, akanipiga picha nikiwa nimeshika bisibisi, akanionyesha. Kwa kweli ilitoka vizuri. Akaenda kulipa.