Goti hubandikwa utepe, halifungwi

Jumamosi iliyopita, matatu yetu ikiwa imekwama Barabara ya Ngong na redio ikitangaza mechi, nilimsikia mtangazaji akisema kwamba beki fulani "amefungwa goti ili msuli wa paja upate nguvu." Usemi huo nimekwisha kuusikia katika duka la dawa, miongoni mwa wanaokimbia msituni Karura na hata kwa jirani yangu, na kila mara huwa na makosa mawili ndani ya maneno machache.

Kubandika utepe kwenye pia ya goti, yaani ule mfupa mdogo wa mviringo ulio mbele ya goti, ni kugandisha juu ya ngozi utepe mgumu usiovutika, ukianzia ukingo wa nje wa pia na kuisukuma kidogo kuelekea upande wa ndani, ili mwenye maumivu ya mbele ya goti aweze kupanda ngazi, kuchuchumaa au kuinuka baada ya kukaa muda mrefu kwenye kiti bila kukunja uso. Njia hii ilienezwa na Jenny McConnell, mtaalamu wa tiba ya viungo kutoka Australia, aliyeandika kuihusu mwaka 1986. Tepe za rangi zinazovutika ambazo wakimbiaji wengi huzivaa siku hizi ni jambo jingine, lililoanzishwa na Kenzo Kase wa Japani katika miaka ya 1970.

Sasa tukirudi kwenye kitenzi, ambacho ndicho kinachonikera. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunamfunga mbuzi, na mfupa uliovunjika tunaufunga banzi. Katika yote hayo, kilichofungwa kinatarajiwa kutulia mpaka kitakapofunguliwa. Kubandika ni kuweka kitu juu ya kingine kikashika, kama stempu juu ya bahasha, na kinyume chake si kufungua bali ni kubandua. Hata sufuria tunaibandika jikoni, na sufuria iliyobandikwa haikuzuiwa kufanya lolote. Imewekwa pale ili kazi ianze. Goti lililobandikwa utepe linatakiwa kukunjwa na kunyooshwa, na likishindwa kukunjwa, basi utepe umebandikwa vibaya.

Nadhani sehemu kubwa ya lawama ni ya neno bandeji, ambalo sikioni linafanana na bandika kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, ilhali hayana uhusiano wowote. Bandika ni neno letu la Kibantu. Bandeji limetufikia kupitia Kiingereza, ambacho kililichukua kutoka Kifaransa, na shina lake la kale katika lugha za jamii ya Kijerumani ni lile lenye maana ya kufunga. Kwa hiyo anayesema bandeji amekwisha kusema kufunga, ajue asijue. Na tukishaanza kusema "kufunga msuli," msikilizaji wa Mombasa, ambako msuli pia ni shuka la kiume, ana haki ya kudhani tunazungumza juu ya mwanamume anayejifunga shuka kiunoni.

Kosa la pili linahusu paja lenyewe, yaani dai kwamba utepe huupa msuli wake nguvu. Msuli mkubwa wa mbele ya paja una vichwa vinne, yaani sehemu nne, vinavyokutana kwenye pia ya goti. Kichwa cha ndani, ambacho nyuzi zake za chini zimekaa mshazari, huivuta pia kuelekea ndani, na cha nje huivuta upande wake. Goti likiuma au likijaa maji, mishipa ya fahamu hupunguza amri zinazoufikia msuli huo, na kichwa cha ndani ndicho huathirika mapema: katika jaribio lililochapishwa mwaka 1984, mililita 20 hadi 30 tu za maji ya chumvi zilizodungwa ndani ya goti lisilo na ugonjwa zilitosha kuanza kukizuia, ilhali cha nje kilihitaji 50 hadi 60.

Watafiti huchunguza hali hiyo kwa vipokezi vinavyobandikwa juu ya ngozi ya paja (naam, vinabandikwa) na kusoma umeme unaotokea msuli unapofanya kazi. Umeme huo ndio unaoitwa shughuli ya msuli, nao si nguvu ya msuli, kama vile kelele za injini zisivyokuwa mzigo ambao lori linaweza kubeba. Mara nyingi kinachotafutwa ni wakati tu, yaani kama kichwa cha ndani huanza kabla ya kile cha nje au baada yake, kwa tofauti inayohesabiwa kwa sehemu za elfu za sekunde. Hata hapo majibu hayakukubaliana: majaribio mengine yaliona utepe ukikiwahisha kichwa cha ndani, mengine hayakuona badiliko, na mengine yaliona shughuli yake ikipungua. Zaidi ya hayo, utepe uliobandikwa bila kuisogeza pia hata kidogo umewahi kuwapunguzia watu maumivu, jambo linalonifanya niamini kwamba nafuu inatokana na ngozi na fahamu kuliko na pia iliyohamishwa mahali pake. McConnell mwenyewe aliutumia utepe ili mgonjwa aweze kufanya mazoezi bila maumivu, na mazoezi hayo ndiyo yanayoujenga msuli.

Jirani yangu hulikaza goti lake kwa bandeji mpaka unyayo unapigwa ganzi, kisha hukaa kwenye kochi jioni nzima akingoja paja lipate nguvu, na sikumlaumu, kwa kuwa ameambiwa afunge naye amefunga. Mtangazaji wetu naye hakupotea mbali sana. Angesema tu kwamba beki amebandikwa utepe gotini ili maumivu yapungue, akayaacha hayo ya nguvu mpaka beki huyo atakapomaliza wiki zake za mazoezi.