Kigawanyi cha saa ya skrini na namna kinavyoelezwa kwenye mti wa vifaa

Fungua faili la mti wa vifaa (device tree, yaani maelezo ya vifaa vya mashine yanayosomwa na Linux) la kompyuta ndogo yenye chipu ya ARM, shuka hadi kwenye mambo ya skrini, na huenda ukakutana na kipande kinachofanana na hiki (nimekibuni kwa ajili ya maelezo, ila sifa zake ni za kweli, zile za chipu za Texas Instruments):

saa_ya_skrini: clock@1140 {
    #clock-cells = <0>;
    compatible = "ti,divider-clock";
    clocks = <&pll_video>;
    reg = <0x1140>;
    ti,bit-shift = <8>;
    ti,max-div = <31>;
    ti,index-starts-at-one;
};

Hiki ni kigawanyi cha saa. Watu wengi hukinakili kutoka faili la bodi nyingine bila kukisoma, na mara nyingi mambo hukubali. Yasipokubali, utapata skrini inayotetemeka huku mfumo ukiapa kwamba kila kitu kiko sawa.

Tuanze na kazi yenyewe. Chipu huendeshwa na mapigo ya umeme yanayokuja kwa mwendo usiobadilika. Mapigo hayo ndiyo saa, na idadi yake kwa sekunde ndiyo masafa. Chanzo huwa ni kristali ndogo, na kwenye chipu nyingi za aina hii ni ya MHz 24. Masafa hayo ni madogo mno kwa kazi nyingi, kwa hiyo mzunguko unaoitwa PLL huyakuza. Kwa mfano, 24 ukizidisha kwa 99 kisha ukagawa kwa 8 unapata MHz 297, namba wanayoipenda wahandisi wa video kwa sababu nusu yake, 148.5, ndiyo saa ya picha ya 1920×1080 kwa Hz 60. Baada ya PLL ndipo anapoingia kigawanyi. Chenyewe huhesabu tu mapigo yanayoingia: ukikiambia tisa, kila mapigo tisa yakiingia hutoa moja.

Skrini nayo inataka pigo moja kwa kila pikseli. Chukua paneli ya 800×480. Mtu angedhani hesabu ni 800 mara 480 mara 60, lakini sivyo. Kila mstari una nafasi tupu kabla na baada ya picha, na kila fremu, yaani picha moja nzima, ina mistari mitupu juu na chini. Saa huzipitia zote hata kama hakuna kinachochorwa. Kwa vipimo vya kawaida vya paneli za ukubwa huo, mstari mzima ni mapigo 1056 na fremu nzima ni mistari 525. Zidisha 1056 kwa 525 kwa 60, unapata 33,264,000. Paneli inataka MHz 33.264.

Gawa 297 kwa 33.264 uone: 8.93. Kigawanyi cha kawaida hakina habari na desimali. Kinaweza kugawa kwa 8 ukapata MHz 37.125, au kwa 9 ukapata MHz 33 kamili. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, kwa kawaida huchagua masafa yasiyozidi yale yaliyoombwa, kwa hiyo itachukua 9, na fremu zitakuja 59.5 kwa sekunde badala ya 60. Hakuna jicho litakaloona tofauti hiyo, na paneli haitalalamika.

Turudi kwenye kile kipande. Mstari wa compatible huiambia keneli ni draiva ipi (programu ya kuendesha kifaa) ya kutumia. Ule wa clocks hutaja mzazi, yaani saa inayoingia. Sifa ya reg hutaja ilipo rejista, yaani kihifadhi kidogo ndani ya chipu kinachoshika namba ya mpangilio, ti,bit-shift husema namba ya kugawia inaanza kwenye biti ya 8 ya rejista hiyo, na ti,max-div huweka kikomo: 31, ambayo ni namba kubwa kuliko zote zinazoenea kwenye biti tano. #clock-cells ikiwa sifuri, maana yake ni kwamba nodi hii (ndilo jina la kipande kama hiki kwenye mti) inatoa saa moja tu, basi anayeihitaji hana haja ya kutaja namba yake.

Kuna kitu hakimo humo: 33.264. Wala 9 haimo. Hapo ndipo wengi huteleza. Nodi hii haiamrishi chochote; inaeleza chuma kilivyotengenezwa, yaani kinaweza kugawa kwa namba zipi na namba hizo huandikwa wapi. Kiasi kinachotakiwa kinatoka upande wa paneli, ama kwenye nodi ya panel-timing kupitia sifa ya clock-frequency, ama ndani ya draiva ya paneli. Draiva ya skrini humwomba kigawanyi masafa hayo, na keneli hufanya hesabu wakati huo huo mfumo ukiendelea. Desturi hii ya kuieleza mashine badala ya kuipa maagizo ni ya zamani: mti wa vifaa ulirithiwa kutoka Open Firmware, iliyowekewa kiwango cha IEEE 1275 mwaka 1994, na ulienea kwenye ARM baada ya Linus Torvalds kulalamika mwaka 2011 kwamba faili za bodi za ARM zilikuwa zimejaa ndani ya keneli bila mpangilio. Mfumo wa pamoja wa kusimamia saa uliingia kwenye Linux mwaka uliofuata.

(Ipo sifa inayoitwa assigned-clock-rates, ambayo ni amri hasa: weka saa hii kwenye kiasi hiki tangu mwanzo. Kwa maoni yangu inavunja desturi, ila bila hiyo bodi kadhaa zisingewaka vizuri, basi tumeizoea.)

Sasa ule mstari wa mwisho, ti,index-starts-at-one. Una sura ya pambo, kumbe ndio wa hatari kuliko yote. Vigawanyi havikubaliani juu ya maana ya namba iliyo kwenye rejista. Katika baadhi, ukiandika 0 kinagawa kwa 1, ukiandika 8 kinagawa kwa 9. Katika vingine, ukiandika 9 kinagawa kwa 9, na 0 haina maana inayofaa. Mstari huo unasema chuma chetu ni cha aina ya pili. Uondoe, halafu fuata kinachotokea: keneli imeamua kugawa kwa 9, inaamini hesabu inaanzia sifuri, inaandika 8. Chuma kinasoma 8, kinagawa kwa 8. Paneli inapokea MHz 37.125 na fremu karibu 67 kwa sekunde. Uuweke mahali usipostahili, kosa linageuka: inaandikwa 9, chuma kinagawa kwa 10, fremu zinashuka hadi 53.6.

Ukienda kwenye /sys/kernel/debug/clk/clk_summary kukagua, utasoma 33000000 bila wasiwasi wowote. Keneli haipimi mapigo. Inachukua masafa ya mzazi, inasoma rejista, inatafsiri kwa kufuata maelezo uliyoipa, kisha inachapisha jibu. Maelezo yakiwa ya uongo, jibu litakuwa la uongo, tena la kuvutia.

Aina nyingine ya kigawanyi huhifadhi kipeo cha mbili, nayo huelezwa kwa ti,index-power-of-two. Hapo chaguo ni 1, 2, 4, 8, 16 basi. Kwa paneli yetu ingekuwa MHz 37.125 au MHz 18.56, na hakuna inayofaa. Lazima PLL yenyewe ibadilishwe. Zipo pia zisizobadilika kabisa, fixed-factor-clock, zenye clock-mult na clock-div zilizokwisha pangwa.

Kubadilisha PLL kunaruhusiwa kwa ti,set-rate-parent: kigawanyi kikishindwa kufikia kiasi kilichoombwa, hupeleka ombi kwa mzazi. Ni msaada mkubwa pale mzazi ana mtoto mmoja. Akiwa na wawili, tuseme paneli na HDMI, paneli inaweza kuisogeza PLL ili ipate 33.264 yake na kuiharibia HDMI 148.5 yake. HDMI haina subira, maana viwango vyake vinaruhusu saa ipotoke kwa asilimia 0.5 tu. Paneli za LCD ni wavumilivu zaidi, na ndiyo maana kwenye maelezo ya vipimo vyake unaruhusiwa kuandika namba tatu, ya chini, ya kawaida na ya juu. Penye mzazi mmoja na skrini mbili, mimi huiacha HDMI iamue PLL na paneli iridhike na kinachobaki.

Ili kujua kigawanyi kinagawa kwa ngapi kweli, pima nje ya hesabu ya keneli. Amri ya modetest ikipewa -v huhesabu fremu zinavyopita na kuchapisha masafa halisi. Ukiona karibu 67 mahali ulipotarajia 59.5, gawa ya kwanza kwa ya pili: 1.125, yaani 9 kwa 8. Namba mbili zinazofuatana namna hiyo zinakupeleka moja kwa moja kwenye mstari wa index-starts-at-one. Ukiona uwiano wa 2 au nusu, tazama kwanza kama mzazi uliyemtaja ndiye anayeingia kweli, kwa sababu PLL nyingi za video hutoa saa mbili, ya kawaida na iliyozidishwa mara mbili, na kwenye faili majina yao hutofautiana kwa herufi chache tu.