Je, wajua Bunge la Kenya lilijengaje udikteta kwa kura zake lenyewe?

Juni 9, 1982, Bunge la Kenya lilitumia muda usiofika saa moja kuandika ndani ya Katiba kwamba KANU ndicho chama pekee halali nchini. Charles Njonjo, waziri wa masuala ya katiba, aliwasilisha mswada, naye Makamu wa Rais Mwai Kibaki akauunga mkono. Iliwezekanaje wabunge waliochaguliwa na wananchi kufanya hivyo bila shida?

Njia ilikuwa imeandaliwa zamani. Uhuru wa 1963 ulikuja na Seneti, serikali za majimbo na chama cha upinzani, KADU. Mwaka uliofuata KADU ikajivunja, wabunge wake wakahamia KANU na viti vyao mkononi. Lakini 1966, Oginga Odinga alipojiuzulu umakamu wa rais na wenzake wakamfuata katika chama cha KPU, Katiba ilibadilishwa mbiombio: anayehama chama arudi kwa wapiga kura. Sheria hiyo ina sura ya haki, na wapo wanaoitetea hadi leo. Tatizo ni kwamba walioingia KANU hawakudaiwa chochote, waliotoka ndio wakadaiwa.

Mwaka huohuo serikali ilipata uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kesi. Kisha Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi. Maseneta walikubalije kukizika chombo chao? Walipewa viti katika Bunge jipya, na muhula wa Bunge ukaongezwa. Kwangu hapa ndipo penye kiini cha jambo lote: kila hatua ilimwachia mbunge kitu cha kulinda, na aliyebaki nje alikuwa mwananchi.

KPU ilipigwa marufuku Oktoba 1969. Mwaka 1975 wabunge Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa ndani ya majengo ya Bunge kwa maneno waliyosema wakiwa kazini humo. Kwa hiyo kura ya 1982, iliyowazuia Odinga na mwanasiasa George Anyona kuunda chama kipya, ilihalalisha hali ambayo tayari ilikuwepo.

Chini ya Rais Daniel arap Moi zikaanguka ngome za mwisho. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu waliondolewa ulinzi wa kikatiba wa kazi zao. 1988 ikawa zamu ya majaji. Mshtakiwa angesimama mbele ya jaji ambaye mkate wake uko mikononi mwa Rais.

Mwaka huohuo wa 1988 ukaja mlolongo. Katika mchujo wa KANU wapiga kura walijipanga nyuma ya wagombea hadharani, chifu na mwajiri wakitazama. Aliyepata asilimia 70 alipita bila kupingwa. Watu waliona kwa macho yao mistari mirefu ikishindwa na mifupi, lakini foleni ikishatawanyika hakuna karatasi ya kuhesabu upya.

Desemba 1991, baada ya wafadhili kusimamisha misaada na wananchi kuandamana Nairobi, Moi alikubali vyama vingi. Kifungu cha chama kimoja kilifutwa siku chache baadaye na Bunge lilelile lililozaliwa na mlolongo.