Haki kati ya vizazi serikali inapobana matumizi: maana yake na namna ya kuipima

Serikali ikitangaza kubana matumizi, watu huuliza kwanza kiasi: mabilioni mangapi yamekatwa, na kutoka wizara ipi. Haki kati ya vizazi huuliza jambo jingine. Katika mabilioni hayo, wastaafu wa leo watabeba kiasi gani, walio kazini kiasi gani, na watoto ambao bado hawajaanza shule, au hata hawajazaliwa, wataachiwa kiasi gani? Mgawanyo huhesabiwa kuwa wa haki pale kila rika linapobeba sehemu inayolingana na uwezo wake na manufaa liliyopata, na pasipo rika lolote kudaiwa kwa matumizi ambayo halikunufaika nayo wala halikupata nafasi ya kuyapinga.

Nchini Kenya dhana hii ni sheria. Ibara ya 201(c) ya Katiba ya 2010 inataka mizigo na manufaa ya matumizi ya rasilimali na ya mikopo ya umma vigawanywe kwa usawa kati ya vizazi vya sasa na vijavyo. Sentensi ni fupi, lakini kuitekeleza kunahitaji hesabu, na hesabu zenyewe zina mitego.

Mtego wa kwanza ni kuchanganya umri na rika, yaani kundi la waliozaliwa miaka ileile. Nauli ya bure kwa wazee ni faida ya umri: kijana wa leo naye ataipata akizeeka, mradi mpango udumu. Ukiwalinganisha mzee na kijana kwa mwaka mmoja tu, utadhani kijana kadhulumiwa, kumbe zamu yake haijafika. Dhuluma huonekana unapolinganisha watu wa umri mmoja katika miaka tofauti. Kijana wa England aliyeingia chuo kikuu mwaka 1997 hakulipa ada ya masomo. Aliyeingia 1998 alidaiwa hadi pauni 1,000 kwa mwaka, kutegemea kipato cha wazazi. Mwaka 2006 kiwango cha juu kikawa pauni 3,000, na 2012 kikafika pauni 9,000. Wote walikuwa na miaka 18, na wote walitaka shahada ileile. Tofauti yao ni mwaka wa kuzaliwa, na tofauti hiyo hakuna zamu itakayoifuta.

Uingereza ndiyo nchi inayofaa kusomewa somo hili, kwa sababu ukataji wake ulioanza 2010 uligawanywa wazi kwa umri. Kuanzia 2012 pensheni ya msingi ya serikali ilipanda kila Aprili kwa kiwango kikubwa zaidi kati ya vitatu: mfumuko wa bei, ongezeko la mishahara, au asilimia 2.5. Wakati huohuo posho nyingi za watu wa umri wa kufanya kazi na za familia zenye watoto ziliruhusiwa kupanda asilimia 1 tu kwa miaka mitatu kuanzia 2013, kisha zikagandishwa kwa miaka minne kuanzia Aprili 2016. Piga hesabu ya miaka hiyo saba. Posho iliyoanzia 100 ilifika 103.03. Pensheni iliyoanzia 100, hata kama ingepata kiwango cha chini kabisa kila mwaka, ilifika 118.87. Hakuna aliyesimama bungeni akasema "tunachukua kwa watoto, tunawapa wazee." Pengo lilijengwa kidogokidogo na kanuni za ongezeko la kila mwaka, na ndiyo maana kanuni hizo zinastahili kuangaliwa kabla ya kitu kingine chochote.

Wazee wa Uingereza nao hawakupona wote. Umri wa kupokea pensheni kwa wanawake ulipandishwa kutoka 60 hadi 65 kufikia Novemba 2018, kisha 66 kufikia Oktoba 2020, na sheria ya 2011 iliharakisha ratiba iliyowekwa na sheria ya 1995. Mwanamke aliyezaliwa mwishoni mwa 1954 alisubiri miaka sita zaidi ya dada yake aliyezaliwa mapema 1950. Julai 2021 mchunguzi wa malalamiko wa Bunge alikuta kwamba wizara husika ilichelewa kuwaandikia barua wanawake hao. Hapa lipo sharti la haki linalosahaulika mno: muda wa taarifa. Mtu wa miaka 30 akiambiwa pensheni yake itapungua ana miaka 30 ya kuweka akiba. Mwenye miaka 58 amebakiwa na miaka miwili, na mkato uleule kwake ni mzito mara nyingi zaidi.

Tanzania wanalijua jambo hili kwa jina la kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni. Tuchukue mtumishi wa serikali aliyefanya kazi miezi 360, yaani miaka 30, ambaye wastani wa mshahara wake unaoingia kwenye hesabu ni shilingi 12,000,000 kwa mwaka. Kwa kanuni ya zamani ya mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF, 360 gawanya kwa 540, zidisha kwa 12,000,000, unapata pensheni kamili ya mwaka ya shilingi 8,000,000. Nusu yake ilizidishwa kwa 15.5 kuwa mkupuo, yaani fedha anazopewa mstaafu kwa mara moja: 62,000,000. Nusu iliyobaki iligawanywa kwa miezi 12: 333,333 kwa mwezi.

Julai 2022 kanuni mpya ilianza kutumika. Kigawanyo kikawa 580, kizidishio cha mkupuo kikawa 12.5, na mkupuo ukawa asilimia 33. Mtumishi yuleyule sasa ana pensheni kamili ya 7,448,276 kwa mwaka, mkupuo wa 30,724,138, na 415,862 kwa mwezi. Pensheni ya mwezi imeongezeka kwa 82,529, lakini mkupuo umepungua kwa zaidi ya milioni 31. Ukigawanya upungufu kwa ongezeko, unapata miezi 379. Yaani aliyestaafu akiwa na miaka 60 angefidiwa akifikisha 91, tena bila kuhesabu thamani ya kupata fedha mapema. Mwaka 2024 serikali ilirudi nyuma kidogo: waliokuwa na haki ya asilimia 50 wakapewa 40, na mkupuo wa mtumishi wetu ukawa 37,241,379, huku pensheni ya mwezi ikishuka hadi 372,414. Kundi lililokuwa likipata mkupuo wa asilimia 25, ambalo mwaka 2022 lilipandishwa hadi 33, likafikishwa 35. Kwa hiyo kanuni moja ilipunguza kwa kundi moja na kuongeza kwa jingine, na anayesema "wastaafu wamekatwa" au "wastaafu wameongezwa" anasema nusu ya jambo.

Swali la vizazi limejificha nyuma ya hesabu hizo. Watumishi wa serikali kuu waliokuwa kazini kabla ya Julai 1999 hawakuwa wakichangia mfuko wa pensheni. Ahadi yao ilikuwa jukumu la serikali. Mfuko ulipobebeshwa malipo yao, fedha zilizochangwa na waliokuja baadaye ndizo zilizowalipa waliotangulia. Baadaye serikali ilitoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kwa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kupunguza deni hilo. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo njia iliyonyooka, ingawa ilichelewa: ahadi iliyotolewa na serikali nzima ilipwe na walipakodi wote, isiangukie wanachama waliobahatika vibaya kustaafu mwaka wa marekebisho.

Kenya ilikutana na tatizo hilohilo kwa upande mwingine. Pensheni za watumishi wa umma zilikuwa zikilipwa moja kwa moja kutokana na kodi, bila mtumishi kuchangia. Kuanzia 1 Januari 2021 mpango mpya ulimtaka mtumishi achangie asilimia 2 ya mshahara mwaka wa kwanza, 5 wa pili na 7.5 kuanzia wa tatu, serikali ikiweka 15. Walio chini ya miaka 45 walilazimika kuingia. Waliovuka umri huo waliachiwa wachague. Mageuzi yenyewe ni mazuri, kwa sababu yanazuia deni jingine lisizaliwe. Lakini mtumishi wa miaka 30 sasa anachangia uzee wake mwenyewe na, kupitia kodi, analipia pensheni za waliomtangulia. Wataalamu wa pensheni huuita mzigo maradufu wa mpito. Haukwepeki kabisa, unaweza tu kusambazwa kwa miaka mingi ili rika moja lisiumie peke yake.

Mstari wa aina hiyo kati ya walio ndani na wanaoingia ndiyo njia rahisi ya kubana matumizi bila kelele. Mwalimu mwenye ajira ya kudumu hapunguziwi mshahara. Anayeanza huajiriwa kama mwanagenzi kwa shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi, kabla ya makato. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi waligoma Mei 2024 kwa sababu hiyo. Anayekatwa hapo hajawa mwanachama wa chama chochote cha wafanyakazi siku uamuzi unapofanywa.

Sasa deni, ambako vizazi vijavyo hukatwa bila kuwepo chumbani. Mwaka 2018 Kenya iliuza hatifungani ya kimataifa ya dola bilioni 1 ya miaka 30 kwa riba ya asilimia 8.25. Itaiva 2048. Mtoto aliyezaliwa 2018 atakuwa na miaka 30, akilipa kodi, siku mtaji wenyewe utakaporudishwa. Mkopo wa miaka 30 haudhulumu kwa sababu ya urefu wake. Kipimo ni kulinganisha maisha ya mkopo na maisha ya kitu kilichonunuliwa. Bwawa la miaka 50 kulipwa kwa miaka 30 ni haki, kwa sababu atakayelipa 2048 bado atakuwa akitumia maji yake. Mishahara ya mwaka mmoja kulipwa kwa miaka 30 ni dhuluma tupu. Ndiyo sababu kifungu cha 15 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinataka mikopo, katika muda wa kati, itumike kwa maendeleo pekee, na angalau asilimia 30 ya bajeti iende huko.

Hapa ndipo mambo huharibika katikati ya mwaka. Deni na pensheni hulipwa kwanza kwa mujibu wa sheria, na mishahara haiguswi. Makusanyo ya kodi yakipungua, kinachobaki cha kukatwa ni miradi na matengenezo. Kwenye vitabu inaonekana kama akiba. Lakini shirika la barabara la Afrika Kusini, SANRAL, lilikadiria kwamba barabara isiyotunzwa kwa miaka mitatu hugharimu mara sita ya matengenezo yake kuirudisha, na ikipuuzwa miaka mitano hugharimu mara 18. Hilo nalo ni deni kamili, ila halimo kwenye taarifa ya deni la taifa.

Kuna chombo cha kupima haya yote kwa pamoja: hesabu za vizazi, zilizoasisiwa na Alan Auerbach, Jagadeesh Gokhale na Laurence Kotlikoff mwaka 1991. Unachukua kodi ambazo mtu wa kila umri atalipa hadi kufa, unatoa pensheni na posho atakazopokea, unazirudisha kwenye thamani ya leo, kisha unalinganisha mtoto wa leo na watakaozaliwa. Angalia sana kiwango cha kurudishia thamani. Shilingi 100 za miaka 30 ijayo zina thamani ya shilingi 41.20 leo ukitumia asilimia 3, na shilingi 5.73 ukitumia asilimia 10. Mchambuzi akichagua asilimia 10 amekwisha kuwafuta wajukuu kabla mjadala haujaanza. Usikubali matokeo yoyote ambayo hayataji kiwango hicho.

Chombo hiki pia hakioni yanayopita ndani ya familia, na kwetu hilo ni pengo kubwa. Shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa posho wa Kenya, anazopokea bibi wa miaka 70 kijijini mara nyingi huishia kwenye sare na daftari za wajukuu anaowalea. Mkupuo wa mstaafu wa Dodoma hujenga nyumba watakayoishi watoto. Ukikata kwa mzee ukidhani umemwokolea kijana, huenda umemkata kijana huyohuyo. Kabla ya kuhitimisha nani kabeba nini, uliza kaya ya mpokeaji ina nani ndani yake.

Sweden ilijaribu kuondoa ugomvi huu mikononi mwa wanasiasa. Mfumo wake wa pensheni una breki ya moja kwa moja: madeni ya mfumo yakizidi mali zake, ongezeko la pensheni hupunguzwa mpaka mizania irudi. Breki ilifanya kazi kwa mara ya kwanza 2010, pensheni zikashuka asilimia 3.0, na 2011 zikashuka tena 4.3. Serikali ililainisha makali kwa kubadilisha namna ya kukokotoa thamani ya mifuko ya akiba na kuwapunguzia wastaafu kodi, kwa hiyo sehemu ya mzigo ilirudi kwa walipakodi. Hata hivyo kila mtu aliona nani analipa na kwa nini, na hilo pekee ni hatua kubwa.

Anayetaka kukagua bajeti ya nchi yake aanze na bajeti ya ziada kuliko ile ya Juni, maana mikato halisi imo humo. Alinganishe matumizi ya maendeleo yaliyoidhinishwa na fedha zilizotolewa kweli hadi mwisho wa mwaka. Atafute mafungu ya chanjo, lishe na shule za awali, kwa sababu mtoto aliyekosa lishe katika miaka miwili ya mwanzo harudishiwi na bajeti ya mwaka wa tatu. Kisha afungue kila sheria inayobadilisha stahili na asome kwanza tarehe ya kuanza kutumika pamoja na kifungu kinachosema inamhusu nani: waliopo, wanaoingia, au wote.