Jeni ikikorofisha, kondo linagoma: maswali kuhusu vichanga vya panya tumboni

Watafiti huzima jeni (maelekezo ya mwili yanayorithiwa) za panya moja moja, waone mtoto anakuaje tumboni na kwa nini wengine wanafia humo. Haya ni maswali kuhusu kazi hiyo.

Kwani panya naye ana kondo la nyuma kama la mama mjamzito?

Analo, umbo linatofautiana kidogo ila kazi ni ileile: damu ya mama inapita huku, damu ya mtoto inapita kule, katikati kuna utando mwembamba, hazichanganyiki, ila oksijeni na chakula vinavuka. Mimba ya panya wa maabara ni siku 19 au 20 basi, kwa hiyo mambo yanaenda mbio. Kwenye siku ya 8 na nusu hivi, kile kitakachokuja kuwa kitovu kinarefuka kutoka kwa mtoto mpaka kinagusa kondo na kushikana nalo, ndo mishipa ya damu inapata njia ya kuingia. Kuna protini inaitwa VCAM1 inayofanya kazi kama gundi hapo, ukizima jeni yake viinitete (watoto wa mwanzo kabisa tumboni) vingi vinashindwa kushikana na kondo, vinakufa.

Si kila jeni tunazo nakala mbili? Moja ikiharibika si nyingine ipo?

Kwa jeni nyingi ndio, unaishi tu wala hujui. Ila kuna VEGF, hii ndo inayoita mishipa ya damu iote, na mwaka 1996 timu mbili za watafiti zilionyesha kwamba panya akipoteza nakala moja tu, moja jamani, anafia tumboni katikati ya mimba akiwa saizi ya punje ya mchele. Yaani nusu dozi haitoshi. Sasa VEGF ina vipokezi vyake kwenye seli, yaani sehemu za kuidaka na kupokea ujumbe wake: ukizima Flk1, mishipa haioti na hata damu yenyewe haitengenezwi, ule mfuko unaomzunguka mtoto ambao ungekuwa na michirizi myekundu unabaki mweupe pee. Ukizima Flt1 inakuwa kinyume, seli za mishipa zinazaliana kupita kiasi, zinajazana ovyo bila mpangilio, na mtoto anakufa vilevile, kwa sababu kazi ya Flt1 ni kunyonya VEGF iliyozidi kama sponji.

Nilisikia wanasema panya hao wanaofia tumboni moyo ndo unakuwa mbovu, sasa kondo linaingiaje?

Hapa ndo pananifurahisha mimi. Panya wasio na jeni ya PPAR gama walikutwa na moyo wenye kuta nyembamba, ungeapa kosa liko kwenye moyo. Watafiti wakawapa viinitete hao kondo lenye jeni nzima (inawezekana maabara, kwa kuchanganya na seli zenye kromosomu, yaani vifurushi vya jeni, maradufu ambazo zinajenga kondo ila mwili wa mtoto haziujengi vizuri) na moyo ukakaa sawa! Mmoja akafika mpaka kuzaliwa, ingawa alikufa kwa matatizo mengine. Halafu 2018 ukatoka utafiti mkubwa wa aina 103 za panya wa maabara ambao mutesheni zao (hitilafu za jeni) zinaua tumboni au karibu na kuzaliwa, karibu asilimia 70 wakakutwa na kondo lenye kasoro, na zamani wengi walikuwa wanamkagua mtoto tu, kondo linatupwa.

Mimba yangu iliharibika, nikapime hizi jeni?

Hapana, usikimbilie huko. Karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema ni hesabu ya kromosomu ilikosewa tu, bahati mbaya, hukubeba ndoo nzito wala hukurogwa. Zikitoka mara mbili tatu hapo muone daktari wa kina mama.

Basi panya hawa wanatusaidia nini sisi?

Ile Flt1 ya juu. Kwenye kifafa cha mimba kondo linamwaga kwenye damu ya mama vipande vingi vya Flt1 vinavyoelea, vinaimeza VEGF yake, mishipa yake inateseka, presha inapanda na protini inatoka kwenye mkojo. Kwa hiyo ukiwa mjamzito zaidi ya miezi mitano, kichwa kinagonga hakiachi, unaona maluweluwe, uso na mikono imevimba ghafla au panauma chini ya mbavu, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda leoleo wakupime presha na mkojo.