Maana ya kurejesha historia iliyopuuzwa: mfano wa Dar es Salaam

Historia iliyopuuzwa ni sehemu ya maisha ya mji iliyotokea kweli, ikashuhudiwa na wengi, na pengine ikaacha alama inayoonekana hadi leo, lakini haikupewa nafasi katika maelezo rasmi ya mji huo. Ni tofauti na historia iliyopotea, ambayo haina tena shahidi wala maandishi. Iliyopuuzwa ipo, ila haikuulizwa. Kwa hiyo, kuirejesha ni kazi ya kuuliza maswali mapya juu ya majina, sanamu, majalada na kumbukumbu ambazo tayari zipo.

Dar es Salaam unafaa sana kuwa mfano. Masimulizi yaliyozoeleka huanza na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliyejenga hapo miaka ya 1860, yakaendelea na Wajerumani waliohamishia makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, kisha Waingereza walioutwaa mji mwaka 1916, na kuishia na uhuru wa 1961. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, karibu kila hatua hapo ni ujio wa mtawala, na Mzizima, kijiji kilichokuwapo kabla ya Sultani, hutajwa kwa sentensi moja kisha hakisikiki tena, kana kwamba wenyeji wake waliondoka siku jiwe la kwanza lilipowekwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni Kariakoo. Maelfu ya watu hulitamka jina hilo kila siku wakimaanisha soko, ilhali asili yake ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kilipiga kambi katika eneo hilo. Wapagazi walibeba chakula na risasi mahali ambapo wanyama walikufa kwa ndorobo na magari hayakuweza kupita, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwendo mfupi kutoka hapo, katika Mtaa wa Samora, imesimama Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini umbo lililochongwa ni la askari mwenye bunduki. Mpagazi hakuchongwa, wala hakuna jina la mpagazi hata mmoja lililoandikwa pale. Anayerejesha historia huanzia kwenye pengo kama hilo na kuuliza: watu hao walichukuliwa kutoka vijiji gani, walilipwa nini, na waliosalia walikwenda wapi?

Pengo hilo lina sababu. Majalada ya serikali ya kikoloni yaliandikwa kwa ajili ya kodi, ardhi na usalama, hivyo yaliwaona watu pale tu walipodaiwa, walipohamishwa au walipogoma. Wanawake waliathirika zaidi. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji katika vikundi vya ngoma ya lelemama kabla ya kuwa kiongozi wa wanawake wa TANU, na vikundi hivyo, vyenye viongozi wao na mialiko yao kutoka mtaa hadi mtaa, ndivyo vilivyowezesha wanawake wengi kujiunga na chama katikati ya miaka ya 1950. Mtu anayetafuta siasa katika kumbukumbu za mikutano pekee hawezi kuiona njia hiyo. Imefahamika vizuri zaidi kwa sababu wanawake wenyewe walikuja kuhojiwa wakiwa wazee.

Mahojiano ya namna hiyo huitwa historia simulizi, nayo ni chombo kikuu cha kazi hii, ingawa si chombo pekee. Magazeti ya Kiswahili yana hazina yake: Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa la serikali, lakini lilichapisha barua na mashairi ya wasomaji; na gazeti la Kwetu, lililoanzishwa na Erica Fiah mwaka 1937, lilieleza malalamiko ya Waafrika wa mjini kwa sauti yao.

Kurejesha si kuamini kila kinachosimuliwa. Mzee anaweza kuchanganya miaka, au kumpa mjomba wake nafasi kubwa kuliko aliyokuwa nayo, na ni heshima kwake maneno yake yakipimwa kwa uangalifu uleule unaotumika kwa jalada la mkuu wa wilaya. Mgomo wa makuli wa bandari wa mwaka 1947, ulioenea hadi reli na miji ya bara, unahitaji vyote viwili: jalada litaonyesha siku ulipoanza na jinsi serikali ilivyoogopa, na masimulizi ya familia za makuli yataeleza mshahara ulinunua nini nyumbani, na nani aliwalisha waliogoma.